Kisiwa cha Man: Mamlaka Hudumu kwa Kutumiwa

Kilima cha Tynwald, katika kijiji cha St John's upande wa magharibi wa Kisiwa cha Man, hakifiki mita 4 kwenda juu. Ni tuta la udongo lililoota nyasi, lenye ngazi nne za mviringo, na simulizi za wenyeji husema kuwa udongo wake ulichotwa katika parokia zote 17 za kisiwa. Msafiri aliyezoea kupima ukubwa wa dola kwa majumba ya mawe anaweza kulipita bila kugeuza shingo. Lakini kila mwaka, kwa kawaida tarehe 5 Julai, baraza zima la kutunga sheria hutoka Douglas, mji mkuu, likaja kuketi juu ya tuta hili mbele ya wananchi. Njia ya kutoka kanisani hadi kilimani hutandazwa nyasi za kinamasi, ofisa hupiga marufuku ugomvi maadamu baraza limeketi, kisha vichwa na muhtasari wa sheria zilizopitishwa husomwa kwa sauti, kwa Kiingereza na kwa Kimanx, lugha ya asili ya kisiwa. Sheria isiyotangazwa hivyo ndani ya miezi 18 tangu iridhiwe hupoteza nguvu. Na mtu yeyote mwenye lalamiko anaweza kufika chini ya kilima akakabidhi ombi lake, likapokewa rasmi. Nimekitembelea kisiwa hiki nikikisoma kwa kuanzia hapa, na hoja yangu ni moja: haki ya kujitawala huishi kwa kadiri inavyotumiwa hadharani, na karibu kila kivutio cha kisiwa hiki ni ushahidi wa siku ilipotumiwa au siku ilipoponyoka.

Kisiwa cha Man kimo katika Bahari ya Ireland, Uingereza ikiwa mashariki yake na Ireland magharibi. Eneo lake ni kilomita za mraba 572, na sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 84,000. Si sehemu ya Ufalme wa Muungano, wala hakikuwahi kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mfalme wa Uingereza hutambulika huko kwa cheo cha Bwana wa Man, na gavana humwakilisha. Ulinzi na mambo ya nje yako mikononi mwa London. Mengi yaliyobaki, kuanzia kodi, shule, hospitali, barabara na polisi hadi noti za pauni zenye chapa ya kisiwa, ni kazi ya Tynwald. Baraza hilo lina sehemu mbili: House of Keys, yenye wajumbe 24 wanaochaguliwa na wananchi, na Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 11, ambao wengi wao huchaguliwa na hao Keys. Asili yake ni mikutano ya wazi ya Wanorwe waliotawala bahari hizo enzi za Waviking, na mwaka 1979 kisiwa kiliadhimisha miaka 1,000 ya baraza hilo, Malkia Elizabeth II akihudhuria. Hapo ndipo wageni wengi huishia: wanastaajabia umri, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi naona kwamba umri huo, ukitazamwa peke yake, hautuambii lolote kuhusu uhuru wa watu waliokuwa wakiishi chini yake.

Ushahidi wa jambo hilo uko kusini, katika mji wa Castletown, ambako ngome ya Castle Rushen imesimama tangu Enzi za Kati na imehifadhiwa vizuri kuliko nyingi za rika lake. Kwa muda mrefu Keys hawakuchaguliwa na wananchi. Walitoka katika familia zenye ardhi, na nafasi ilipokuwa wazi waliijaza wenyewe. Mwaka 1864 James Brown, mwenye gazeti la Isle of Man Times, aliwakosoa vikali kwa namna walivyoshughulikia mambo ya mji wa Douglas. Keys walimwita, wakamtia hatiani kwa kulidharau baraza, wakamfunga katika ngome hiyo. Mahakama ya England iliamua kwamba hawakuwa na mamlaka ya kumfunga kwa kosa la namna hiyo. Akatoka, akafungua kesi, akalipwa fidia. Miaka mitatu baadaye, 1867, uchaguzi wa kwanza wa House of Keys ulifanyika, baada ya Gavana Henry Loch kulibana baraza likubali kuchaguliwa ili kisiwa kipewe sauti katika matumizi ya mapato yake. Baraza lilikuwa kongwe kwa karne nyingi kabla mwananchi wa kawaida hajalipigia kura. Lakini mlango ulipofunguka, kisiwa kilikwenda mbele haraka kuliko jirani yake mkubwa: mwaka 1881 wanawake wasioolewa na wajane wenye mali walipiga kura katika uchaguzi mkuu, wakati wanawake wa Uingereza walisubiri hadi 1918 kwa bunge lao. Mwaka 2006 Tynwald ilishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16. Ukongwe haukuyaleta hayo. Yaliletwa na kizazi kilichoona kwamba baraza ni chombo cha kazi.

Kinyume chake kinaonekana katika mwaka 1765. Tangu 1405 kisiwa kilikuwa miliki ya familia ya Stanley, na baadaye kikarithiwa na watawala wa ukoo wa Atholl kutoka Scotland. Ushuru wa forodha ulikuwa mdogo, hivyo magendo yakashamiri: chai, pombe na tumbaku vilishushwa Man kihalali, kisha vikavushwa usiku hadi pwani za Uingereza na Ireland. London ilichoka kupoteza mapato, ikapitisha sheria na kumlipa Mtemi wa Atholl pauni 70,000 ili haki zake za kitawala na forodha zirudi kwa Taji. Fedha zilikwenda kwa mtemi, wananchi hawakuulizwa. Tynwald haikufutwa, kilima hakikubomolewa, sherehe ziliendelea. Hata hivyo mapato ya forodha yalielekezwa London, na kisiwa kilitumia karne nzima kuomba fedha za kukarabati bandari zake chakavu. Hapa pana fundisho kwa yeyote anayedhani kwamba kuhifadhi desturi ni sawa na kuhifadhi mamlaka. Baraza lisilo na usemi juu ya hazina hubaki na mavazi na maandamano tu. Ndiyo maana naona heshima kubwa zaidi katika siku ya sherehe ya Tynwald ya 1916, siku ambayo haikuwa na utulivu wowote. Vita vilikuwa vimekausha biashara ya nyumba za wageni, maisha yalikuwa magumu, na waandamanaji walifika kilimani kumpinga Gavana Raglan. Kipande cha udongo wenye nyasi kikarushwa kikamwangukia. Mwaka 1918 wafanyakazi waligoma kisiwa kizima kwa ajili ya bei ya mkate, ruzuku ya mkate ikarudishwa, na mwaka huohuo kisiwa kikaanzisha kodi yake ya mapato. Wananchi walikuwa wamekichukulia kilima kwa maana yake kamili: mahali ambapo anayetawala hana pa kujificha.

Kivutio kinachojulikana zaidi duniani, mashindano ya pikipiki ya TT, nacho kilizaliwa na sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza iliweka kikomo cha mwendo wa takriban kilomita 32 kwa saa, na bunge lake halikuwa tayari kuruhusu barabara za umma zifungwe kwa ajili ya mashindano. Wapenda magari waliohitaji mahali pa kuchagua timu ya kimataifa waligeukia Man, na mwaka 1904 Tynwald ikapitisha sheria ya kuruhusu barabara zifungwe. Pikipiki zilifuata, na TT ya kwanza, ya 1907, ilianzia St John's, karibu kabisa na kilima. Tangu 1911 mashindano hutumia mzunguko wa milimani wenye urefu wa kilomita 60.7, unaopita mbele ya maduka, kuta za mawe na malango ya nyumba za watu, kisha ukapanda mabega ya Snaefell, mlima wa mita 621. Waendeshaji zaidi ya 250 wamepoteza maisha katika mzunguko huo, wakiwemo wale wa mashindano dada ya Manx Grand Prix. Baada ya 1976 TT ilipoteza hadhi ya kuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, kwa sababu waendeshaji wakubwa walikataa hatari hiyo. Sidai kwamba uamuzi wa kuendelea nayo ni sahihi. Idadi hiyo ya vifo inauma, na kila mwaka inastahili kuulizwa upya. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo una wenyewe. Anayetaka kuupinga anajua mlango wa kubisha, na mjumbe anayeutetea ataonana na wajane na wazazi wa marehemu katika kisiwa ambacho watu hawawezi kukwepana.

Ukipanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1893 na kuelekea kaskazini kutoka Douglas, utafika Laxey, ambako gurudumu la maji liitwalo Lady Isabella limesimama bondeni tangu 1854. Kipenyo chake ni mita 22, na lilibuniwa na mhandisi Robert Casement ili kuvuta maji kutoka vilindi vya mgodi wa risasi na zinki. Jina ni la mke wa gavana wa wakati ule. Mgodi ulifungwa mwaka 1929, na gurudumu lingeweza kuuzwa kama chuma chakavu. Mkazi mmoja wa huko alilinunua ili lisivunjwe, na mwaka 1965 serikali ya kisiwa ikalichukua na kulikarabati. Treni hiyo ya umeme nayo ilinunuliwa na serikali mwaka 1957 kampuni yake ilipokuwa inazama, na reli ya mvuke ya kusini, iliyofunguliwa 1874, iliokolewa kwa njia hiyohiyo miaka ya 1970. Mwaka 2018 Tynwald iliidhinisha ununuzi wa Isle of Man Steam Packet, kampuni ya meli iliyoanzishwa 1830, ambayo huleta abiria, magari na chakula kutoka Uingereza. Mtu anaweza kuona hapo mchanganyiko wa mapenzi ya vitu vya kale na hesabu za utalii. Mimi naona mfululizo wa maamuzi yenye mantiki moja. Kisiwa kisichomiliki njia yake ya baharini hupangiwa bei ya mkate na mwenye meli. Wizara ya mbali, yenye maelfu ya reli na madaraja ya kufikiria, isingekuwa na sababu ya kuhangaikia gurudumu moja bondeni Laxey. Baraza la watu 84,000 lilikuwa nayo.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwangu ni lugha. Kimanx ni ndugu wa Kiairish na Kigaeli cha Scotland, na hapo zamani kilikuwa lugha ya karibu kila mtu kisiwani. Biblia nzima ilitafsiriwa kwa lugha hiyo katika karne ya 18. Shule, kanisa na biashara vilipohamia Kiingereza, wazazi waliacha kuwafundisha watoto wao lugha waliyoambiwa kuwa haina faida. Sensa ya 1901 ilipata wasemaji zaidi kidogo ya 4,000. Mwaka 1948 Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland ilituma watu kurekodi sauti za wazee wachache waliobaki, na mwaka 1974 Ned Maddrell, mvuvi anayehesabiwa kuwa msemaji wa mwisho aliyekua na lugha hiyo tangu utotoni, alifariki. Tusidanganyane: kujitawala hakukuiokoa lugha. Tynwald ilikuwepo muda wote ilipokuwa ikififia, na sheria zilikuwa zikitangazwa kilimani kwa Kimanx wakati watoto walikatazwa kukizungumza shuleni. Lakini wapenzi wa lugha waliokuwa wamejifunza kutoka kwa wale wazee walipodai nafasi, walikuwa na wa kumdai. Mwaka 1985 Tynwald ilipitisha azimio la kukitambua Kimanx, mwaka 1992 kikaanza kufundishwa katika shule za serikali, na mwaka 2001 ikafunguliwa Bunscoill Ghaelgagh, shule ya msingi inayofundisha masomo kwa Kimanx, ambayo sasa iko St John's. UNESCO ilipotangaza mwaka 2009 kwamba lugha hiyo imekufa, wanafunzi wa shule hiyo waliandika barua kwa Kimanx kupinga, na tamko likarekebishwa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu zaidi ya 2,200 wenye uwezo fulani wa kuizungumza, kuisoma au kuiandika. Ni idadi ndogo, lakini imepanda, na imepanda kwa sababu kuna mahali pa kupitishia bajeti ya mwalimu.

Hoja hii ina wapinzani, na wengine wana nguvu. Wa kwanza husema kwamba kujitawala huku ni kwa mkopo: Bunge la Uingereza likitaka, laweza kutunga sheria kwa ajili ya Man, na kila sheria ya Tynwald huhitaji ridhaa ya Taji. Mfano wao mzuri ni wa 1967. Radio Caroline ilikuwa ikirusha matangazo kutoka melini karibu na pwani ya Ramsey, London ikataka redio za namna hiyo zipigwe marufuku, House of Keys wakaukataa muswada, na London ikaileta sheria hiyo kisiwani kwa amri bila kuwajali. Ni kweli, na ninalikubali kama lilivyo. Hata hivyo tutazame kilichofuata. Kisiwa kilisukuma mbele madai yake: kikapata waziri kiongozi wake mwaka 1986, na tangu 1990 Tynwald inaongozwa na rais inayemchagua yenyewe badala ya gavana. Mamlaka yenye mipaka bado ni mamlaka. Kinachoyaua mapema ni mazoea ya kutoyadai.

Wa pili huuliza swali gumu zaidi: je, jamii ndogo ikiachiwa mambo yake haitakumbatia ukatili wake? Man iliendelea kuwachapa vijana fimbo kwa hukumu ya mahakama miaka mingi baada ya Uingereza kuacha. Mwaka 1978 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika kesi ya mvulana aliyechapwa akiwa na miaka 15, kwamba adhabu hiyo inadhalilisha utu. Kabla ya hukumu hiyo, watu wapatao 31,000 walikuwa wametia saini ombi la kuitetea. Adhabu hiyo ilifutwa rasmi katika vitabu vya sheria mwaka 1993. Hapa wengi walikuwa wamekosea, na kilima kisingeweza kuwasahihisha. Jibu langu ni kwamba kujitawala si leseni ya kumfanyia mtu lolote, na historia ya kisiwa chenyewe inalisema hilo tangu 1864: James Brown aliokolewa na mahakama ya nje, na mwishowe baraza likawa bora kwa sababu hiyo. Baraza la karibu na mahakama ya mbali si maadui. La kwanza huwapa wengi sauti. Ya pili humlinda mmoja dhidi ya wengi. Kisiwa kinachovitaka vyote viwili hakijapunguza uhuru wake hata chembe.

Wa tatu hutaja fedha, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kukaza macho, kwani hazina zetu nazo hupoteza mapato kwa kampuni za makaratasi zilizosajiliwa mbali. Tangu 2006 kampuni nyingi kisiwani hutozwa asilimia 0 ya kodi ya mapato. Benki, bima na michezo ya kubahatisha ya mtandaoni ndizo nguzo za uchumi. Mwaka 2017 nyaraka zilizoitwa Paradise Papers zilionyesha jinsi ndege binafsi za matajiri zilivyopitishwa Man ili kupata nafuu ya kodi. Watetezi hujibu kwamba kisiwa kina sheria, kina msimamizi wa fedha na kinabadilishana taarifa na nchi nyingine. Ni kweli, lakini haitoshi. Ninachokipinga hapa ni kutumia haki ya kujiamulia kwa namna inayowanyima wengine haki hiyohiyo: nchi inayopoteza kodi hupoteza pia uwezo wa kuamua juu ya shule na bandari zake, kama Man yenyewe ilivyopoteza baada ya 1765. Kipimo cha kuihukumu biashara hii kisiwa kinacho tayari. Watu wanaodai kwamba sheria isiyosomwa hadharani haifai kuishi hawana sababu nzuri ya kuzuia majina ya wamiliki halisi wa kampuni zao yasisomwe na kila mtu.

Kuna pia wanaosema kwamba yote haya yanawezekana kwa sababu kisiwa ni tajiri, na kwamba maskini hawana cha kujifunza huko. Mpangilio wa miaka unawakatalia. Uchaguzi wa 1867, kura ya wanawake ya 1881, sheria ya barabara ya 1904 na mgomo wa mkate wa 1918 vyote vilitangulia biashara ya fedha, iliyokua baada ya 1960. Vilifanywa na kisiwa cha wavuvi wa heringi, wachimba migodi na wenye nyumba za wageni, ambacho watu wake wengi walikuwa wakihama kutafuta maisha. Uamuzi ulikuja kwanza, mali ikafuata. Ndiyo maana sikubali kwamba thamani ya Man ni kuwa na bunge la kale ambalo hakuna mwingine awezaye kulipata. Sehemu iliyo bora ya mfumo wake ni changa, na karibu kila kipande chake kiliombwa, kikadaiwa au kupiganiwa na watu wenye majina na kazi za kawaida: mhariri mmoja, wajane wenye viwanja, wafanyakazi wenye njaa, walimu wa lugha iliyodharauliwa. Wilaya, kisiwa au mji wowote wenye baraza unaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji miaka 1,000 wala utajiri: kuwasomea watu sheria na bajeti kwa lugha wanazozielewa, kupokea malalamiko yao mahali pa wazi na kuyajibu, na kukubali kusahihishwa na mahakama pale wengi wanapomwonea mmoja. Palipo na hayo, kujitawala kupo, hata kama eneo ni dogo. Yasipokuwepo, ukubwa wa bendera hausaidii.